Gari Dar es Salaam: hesabu kabla ya ufunguo

Mtu akiuliza kama gari ni lazima Dar es Salaam, kabla ya kumuuliza mshahara muulize anaishi wapi na kazini anaingia saa ngapi. Aliyepanga Magomeni na kazi yake iko Posta, na aliyejenga Madale kilomita kadhaa ndani kutoka lami, hawana tatizo moja la usafiri, ingawa wote ni wa mkoa huohuo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Asubuhi sehemu kubwa yao inaelekea upande mmoja, Posta na Kariakoo, kwa barabara chache: Morogoro, Bagamoyo ambayo ikikaribia mjini inaitwa Ali Hassan Mwinyi, Nyerere, Kilwa, na Mandela inayozikata. Ukiweka gari lako dogo humo saa 1 asubuhi, umenunua kiti chenye kiyoyozi ndani ya foleni ileile. Foleni hujaikimbia.

Wengi hununua gari kwa ajili ya safari ya kazini, na hiyo ndiyo safari ambayo gari binafsi linaifanya vibaya kuliko zote. Gari linarudisha gharama zake kwingine: usiku, mtoto akiugua, msiba wa Kibaha, kupeleka saruji mifuko mitatu saiti, Jumapili ya kwenda kwa wakwe na watoto wanne. Kwa hiyo swali la maana ni safari zako zipi zinahitaji gari, ni ngapi kwa mwezi, na kila moja inakugharimu shilingi ngapi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa watu wengi wanahesabu mafuta tu. Tuchukue mfano wa Toyota IST ya cc 1300 iliyonunuliwa mkononi kwa milioni 14, mwenye nayo akiishi kilomita 22 kutoka ofisini na kufanya kazi siku 22 kwa mwezi. Bei nitakazotumia ni za mfano. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi weka bei ya mwezi wako mahali pa ya kwangu.

Kwenda na kurudi ni kilomita 44 kwa siku, yaani 968 kwa mwezi. Kwenye foleni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, IST ya 1300 hutembea kilomita 10 hadi 12 kwa lita, na safari ndefu barabara ikiwa nyeupe inafika 15 au zaidi. Chukua 10. Kwa petroli ya shilingi 3,000 ni kama 290,000. Ongeza kilomita 300 za wikiendi, 90,000. Maegesho mjini tuseme 2,500 kwa siku, yaani 55,000 kwa mwezi; kama ofisi ina eneo lake, ifute. Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, karibu 10,000 kwa mwezi. Oili na filta, 110,000 kila miezi mitatu, ni 37,000. Tairi nne za 150,000 kila miaka mitatu ni 17,000. Kuosha mara moja kwa wiki 28,000. Halafu kuna kile mafundi wanachokiita "chini": bushi, boljointi, stabilaiza linki, tairodi, shokapu, pedi za breki. Tenga 50,000 kila mwezi hata mwezi ambao hakuna kilichogonga, kwa sababu vikianza hupiga hodi pamoja.

Jumla inafika 577,000 kwa mwezi, na hiyo ni pesa inayotoka mfukoni. Bado gari lenyewe. Likinunuliwa 14 na baada ya miaka mitano likauzwa 9, umepoteza karibu 83,000 kila mwezi. Na ile milioni 14, kama ingekaa kwenye mfuko wa uwekezaji au hati fungani ikizaa asilimia 10 kwa mwaka, ingekupa 117,000 kwa mwezi. Sasa ni 777,000.

Mtu huyohuyo asiye na gari: boda 1,000 kutoka nyumbani hadi kituoni na basi 1,000, kwenda na kurudi 4,000, siku 22 ni 88,000. Mpe usafiri wa kuita kwa simu mara nane za wikiendi kwa 12,000, ni 96,000. Mpe safari mbili za usiku za 20,000. Mkodishie gari na dereva siku moja kwa mwezi, 100,000, kwa ajili ya msiba au saiti. Inakuja 324,000. Tofauti ni 453,000 kila mwezi, na huyu hajanyimwa kitu isipokuwa ufunguo.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wanaifuata bila kuihesabu, nayo ni kuwa na gari na kuliacha nyumbani siku za kazi. Ondoa mafuta ya kazini na maegesho, rudisha nauli ya 88,000, punguza oili na kazi za chini kwa nusu. Unabaki na 476,000. Kwa maneno mengine, gari kusimama langoni likikusubiri, ukilinganisha na asiyekuwa nalo, lina bei ya karibu 150,000 kwa mwezi. Kwa familia yenye watoto wadogo pesa hiyo inaeleweka. Kwa kijana anayeishi peke yake Sinza, mimi naona haieleweki, ingawa najua atanunua.

Hesabu inageuka kabisa watu wawili wanapokwenda njia moja. Mume na mke wote wakishuka mjini, na mtoto akiachwa shule njiani, nauli za watu watatu na ada ya basi la shule zinaingia upande wa pili wa mizani. Hapo gari la cc 1300 linaanza kukaribia kujilipa, hasa kama mnatoka kabla ya saa 12. Jirani kuchangia mafuta nako kunasaidia. Ila usivuke ukaanza kuokota abiria wa nauli kituoni: kubeba abiria kwa malipo bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni kosa, na ajali ikitokea bima ya gari binafsi haitakubali safari ya biashara.

Nyumba nayo ina neno lake hapa. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo, na faida yake kubwa ni njia yake yenyewe. Basi likishaondoka, foleni ya Ubungo si yake. Shida iko kabla ya kuondoka, yaani mstari wa kusubiri, kwa kuwa mabasi yamekuwa machache kuliko watu. Hata hivyo, chumba kilicho umbali wa kutembea kutoka kituo cha Shekilango au Manzese, hata kikizidi kodi kwa 150,000, ni nafuu kuliko gari la kukutoa mbali. Anayetafuta nyumba na atafute kwanza kituo, ndipo dalali aanze kuonyesha vyumba. Vilevile akatembee kutoka nyumba hadi kituoni saa 12 asubuhi, siku ya mvua ikiwezekana. Dalali atakwambia ni dakika tano. Dakika za dalali ni za boda.

Asiye na gari anahitaji maarifa ambayo mwenye gari huwa amesahau. Jioni Kariakoo, kupata kiti cha daladala la mbali, watu "wanageuza nalo": unapanda likiwa bado linaingia, unalipa kile kipande kifupi, unazunguka nalo na kuondoka umekaa. Nauli ya ziada ni ndogo kuliko saa moja na nusu ya kusimama. Daladala linaloandikwa mwisho wa mbali mara nyingine hukatisha njiani foleni ikizidi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, "linafika?", na usilipe mpaka lipite pale linapopenda kugeuzia. Baada ya saa 4 usiku magari yanapungua haraka kwenye njia za pembeni, basi jua mapema kituo kikuu kipi bado kina gari na malizia hapo kwa bajaji. Boda ni ya kipande kifupi cha mitaani, tena na kofia ngumu. Kuipanda kutoka Mbezi hadi Posta kila siku ili kuokoa muda ni kucheza na mifupa yako. Siku ya mvua bei zote hupanda na nusu ya boda hazionekani, kwa hiyo bajeti ya asiye na gari lazima iwe na akiba ya Machi hadi Mei.

Mvua ndiyo inayokumbusha kwamba njia zote mbili zina shimo. Bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi husimama au kukatisha, na gari lako halina pa kupita pia. Tofauti ni kwamba abiria hushuka na kutembea, wakati dereva hujaribu. Usijaribu. Kwenye gari dogo kama IST au Vitz, mdomo wa kuvutia hewa uko mbele, si juu sana. Maji yakivutwa hadi ndani ya silinda, pistoni inayakuta hayakandamiziki na koneki rodi inapinda. Kipimo cha barabarani: maji yakifika katikati ya rimu, rudi. Likizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Lisukumwe nje, fundi afungue plagi, azungushe injini ili maji yatoke kwenye matundu, akague ea klina, kisha atoe oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, na itabadilishwa zaidi ya mara moja mpaka itoke safi. Injini nyingi zilizokufa kwa maji zilikuwa nzima mpaka mwenyewe alipopiga stata mara ya pili. Ukiwa na bima kubwa, ile inayolipia na gari lako lenyewe, soma kama mafuriko yamo. Bima hiyo kwa gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT.

Sasa foleni na injini, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wengi wanasema badili oili kila kilomita 5,000, lakini oili inazeeka kwa saa za kufanya kazi. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa hufika 5,000 baada ya saa 100. La foleni ya Dar, wastani wa kilomita 15 kwa saa, hufika 5,000 baada ya saa 333. Kwenye dashibodi namba ni moja ilhali injini imefanya kazi mara tatu zaidi. Ndiyo maana kwa gari la kwenda mjini kila siku tunabadili kwenye 3,500 hadi 4,000. Injini za 2NZ na 1NZ za Toyota, zilizomo kwenye IST, zinachukua karibu lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita 4 linatosha na chenji inabaki. Weka 5W-30. Kuna mafundi wanaopenda 20W-50 wakidai ni nzito, inalinda. Injini yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu, ina vitundu vyembamba vinavyotegemea oili nyepesi. Nzito inachelewa kufika asubuhi, na gari linaanza kusaga na kula mafuta.

Gia boksi ina msiba wake. IST ya kwanza ni otomatiki ya gia nne, inatumia ATF (oili ya gia otomatiki) aina ya T-IV. Vitz nyingi za 2005 kuja juu ni CVT, boksi la mkanda badala ya gia, na zina oili yake maalumu. Fundi akimimina ATF ya kawaida kwenye CVT, gari litatembea wiki chache kisha mkanda wa ndani uanze kuteleza, na hapo unanunua boksi zima. Kabla hujaruhusu mtu aguse boksi, mwambie akutajie jina la oili anayoweka, na uone dumu likifunguliwa mbele yako.

Joto nalo. Gari likisimama foleni halipati upepo, kwa hiyo linategemea feni ya rejeta. Feni ikifa, mshale wa joto unapanda ukiwa umesimama na kushuka ukitembea, dalili ambayo haiwezi kukosewa. Tiba ya mtaani ni kutoa thamostati, "gari lipoe". Linapoa mno, halifikii joto lake, linakunywa mafuta, na feni iliyokufa iko palepale. Weka kulanti, si maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inatafuna rejeta kutoka ndani mpaka itoboke siku usiyoitaka.

Anayeishi ndani, Goba, Kinyerezi, Chanika, aongeze vumbi na mashimo. Ea klina ipulizwe kila mwezi na ibadilishwe kabla ya muda wa kitabu. Stabilaiza linki ndiyo huanza kugonga, sauti ya "kotoko kotoko" kwenye matuta madogo. Ni nafuu. Ukiiacha, mlio unakuzoesha kelele, na siku boljointi inayolegea inapoongeza mlio wake husikii. Boljointi ikichomoka tairi linalala pembeni, na hapo ndipo bei na hatari zinapokutana.

Kama baada ya yote haya bado unalihitaji, nunua kwa utaratibu. Kuagiza kutoka Japani kunaonekana rahisi kwa sababu bei ya kwenye tovuti ni ya kule. Kodi ya hapa inaanza na ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa bidhaa haupo kwa injini isiyozidi cc 1000, ni asilimia 5 kwa 1001 hadi 2000, na 10 kwa zaidi ya hapo. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 kwa uzee, lililopita 10 asilimia 30. VAT ya 18 inakuja juu ya bei iliyokwisha kuongezwa hivyo vyote, na kuna tozo ndogondogo. TRA, mamlaka ya mapato, haitegemei risiti yako tu, ina thamani zake za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni. Ingia humo kabla ya kumtumia muuzaji hata senti. Utaona kwa nini Passo ya cc 1000 imejaa mjini, na kwa nini tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa inaweza kukuokolea kodi inayozidi gharama ya meli.

Kununua mkononi kuna mitego ya aina nyingine. Watu wa Dar wanaangalia namba, "hii ni D, hii ni E", wakidhani herufi ni umri. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania tu. Namba mpya inaweza kukaa kwenye gari la 2003. Soma mwaka kwenye kadi na namba ya chasi kwenye bodi, zilingane. Kisha ingiza namba ya usajili kwenye mifumo mitatu: wa polisi wa usalama barabarani kwa faini, wa maegesho kwa bili zake, na wa TIRA, mamlaka ya bima, kuona kama stika ya bima ni ya kweli. Madeni yanafuata gari, mnunuzi ndiye anayesimamishwa. Muuzaji ayalipe mkiwa pamoja, yakatwe kwenye bei.

Kagua gari asubuhi kabla halijawashwa, na mwambie muuzaji asiliwashe. Stata ya injini baridi inasema ukweli ambao injini moto inauficha: moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe usioisha na kulanti inayopungua ni gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili, tafuta ute wa rangi ya maziwa. Weka D kisha R ukiwa umekanyaga breki. Likichelewa sekunde mbili na kuruka, boksi limechoka. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi zenye kashata (meno) nene lakini zina miaka minane mara nyingi ni za mtumba zilizopakwa rangi, na kwenye lami ya saa 8 mchana hupasuka. Inua zulia la buti na la abiria wa mbele. Kutu na harufu ya udongo ni gari lililokunywa maji ya mafuriko, na umeme wake utakusumbua mpaka uliuze.

Likishakuwa lako, kabla ya kitu kingine chochote peleka vioo na taa zikachorwe namba ya gari. Sait mira na taa za nyuma huondoka usiku kimyakimya, zikauzwa tena kwa spea. Zenye namba hazina soko.

Wengine wanaweka mfumo wa gesi asilia. Kwa gari la kilomita 1,268 kwa mwezi, kama mfumo ni milioni 1.8 na gesi inakupunguzia nusu ya gharama ya mafuta, unaokoa 190,000 na mfumo unarudi ndani ya miezi kumi hivi. Kwa gari la wikiendi tu, itachukua miaka zaidi ya mitatu, usijisumbue. Mtungi unakula buti, na vituo ni vichache, kwa hiyo hesabu muda wa mstari kama sehemu ya bei. Mtungi uwe na cheti, na fundi awe amesajiliwa kwa kazi hiyo.

Lile gari la kuacha nyumbani siku za kazi nalo linataka kutunzwa. Kwenye unyevu wa pwani diski za breki hupata kutu ndani ya siku chache, betri hushuka kwa sababu alamu inakunywa usiku kucha, panya huingia kwenye injini na kutafuna nyaya. Liendeshe angalau mara moja kwa wiki kwa nusu saa. Kuliwasha dakika tano likiwa limesimama hakujazi betri, kunalowesha oili na sailensa tu. Likikaa zaidi ya wiki mbili, chomoa waya hasi wa betri. Usivute hendibreki kwa muda mrefu, weka P na jiwe nyuma ya tairi, la sivyo breki za nyuma zinagandamana.

Sababu moja kubwa ya zamani ya kumiliki gari, safari za mikoani, imepungua nguvu. Treni ya SGR, reli mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, na kwa familia ya watu wawili au watatu inashindana na gari kwa bei na inalishinda kwa muda. Anayetoka Mbagala bado ana kazi ya kuifikia stesheni, lakini hiyo ni bajaji moja, si gari la milioni 14.

Wanaolihitaji kweli wapo, na mtu asiwafokee: mwenye mzazi wa kupeleka kliniki kila wiki, muuguzi wa zamu za usiku anayeishi nje ya njia kuu, fundi mwenye vifaa, mama mwenye watoto wawili wadogo na shule iliyo upande usio na daladala, mlemavu ambaye ngazi za vituo zinamshinda. Kwa hawa hesabu ya juu ni ya kuchagua gari lipi. Wachukue injini ndogo, spea zinazojaa Kariakoo, na rangi isiyo ya pekee. Gari zuri la cc 2400 kwenye foleni linakwenda kilomita 7 au 8 kwa lita, na siku ya bushi utaambiwa spea zake ni za kuagiza.

Ambaye bado anasitasita afanye hivi kwa miezi miwili: achukue daftari, kila safari aandike alikotoka, saa, nani alikuwa naye, mzigo, na alicholipa. Kando aweke alama kama safari hiyo ilimshinda au ilimchelewesha kwa kukosa gari. Kila mwezi aweke benki tofauti ya 453,000 kana kwamba tayari ana gari. Alama zikizidi nane kwa mwezi, na pesa ikawekwa yote bila kuguswa, basi gari linamhusu na analimudu. Pesa ikishindikana kuwekwa, gari lingemshinda mwezi wa tatu, siku ya tairi.

Na ukifika siku ya kuliuza, usimkabidhi mtu kadi na ufunguo kwa maelewano ya "nitabadilisha baadaye". Andikeni mkataba kwa wakili, nakala za vitambulisho, tarehe na saa ya makabidhiano, kisha mwende pamoja mkabadilishe umiliki kwenye mfumo wa TRA kabla pesa ya mwisho haijaingia. Mpaka jina libadilike, faini na bili za maegesho zitaendelea kuandikwa kwenye gari lililo kwa jina lako, na likigonga mtu Chalinze, polisi wataanza na wewe.